Nyundo ya Barafu

Nikuulize kwanza. Wewe unayesoma hapo, umewahi kuishi jirani na mtu aliyebeba mzigo wako, ukamsalimia kila asubuhi, ukampelekea na chai, kama vile mzigo wenyewe hujauona?

Mimi nimeishi hivyo miaka ishirini na sita.

Kwa uliyekosa gazeti wiki iliyopita, au lako lilifungiwa misumari dukani kabla hujalimaliza, nakukumbusha kwa ufupi. Mzee Bado amekufa. Yule Mzungu aliyekuja kwa mkataba wa miaka miwili kufunga mashine za kiwanda cha magunia, akafungua baa ya vyumba viwili, akakaa miaka arobaini na mmoja. Kila aliyemuuliza atarudi kwao lini alipewa jibu moja tu: "Bado." Jina likamganda. Jumatatu saa nne asubuhi alianguka stoo, katikati ya kreti za chupa tupu, na kabla hajafika sakafuni alikuwa ameshatuaga.

Nimeosha glasi zake miaka thelathini na moja. Ndiyo maana wateja wananiita Mama Glasi, na hata posta barua zangu zinakuja kwa jina hilo.

Nilikueleza pia sheria ya baa ile. Kila mteja wa kudumu ana glasi yake, nene, ya mkono, inaning'inia kwenye msumari wake katika ubao ulio nyuma ya kaunta. Mteja akifa, glasi yake inavunjwa kizingitini na mtu aliyekuwa karibu naye kuliko wote. Na anayevunja lazima kwanza aseme neno moja la kweli juu ya marehemu, neno ambalo wengine hawalijui. Asiyekuwa na neno havunji.

Tukaishia siku ya maziko, pale mwanangu aliponivuta pembeni, udongo bado kwenye viatu vyake. Mwanangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, hana maneno mengi. Akasema: "Mama, ukiivunja glasi ya yule mtu, wajukuu zako hutawaona tena. Sitarudia."

Wajukuu wenyewe ni watatu. Yule mdogo wa kike kila jino likimtoka analileta kwangu. Ninayo manne kwenye kopo la poda, juu ya kabati.

Basi leo nakupa ya Jumamosi. Nakupa na ya nyundo, ambayo sijampa mtu yeyote. Kaa vizuri.

Jumamosi saa tisa alasiri baa ilikuwa imejaa mpaka nje. Nilikuwa nimepiga deki mara mbili, kwa sabuni ya unga halafu kwa maji matupu, kama alivyotaka mwenyewe. Kiti chake kile chenye mguu uliofungwa waya nilikiweka mahali pake, karibu na mlango wa stoo, na hakuna aliyethubutu kukikalia.

Glasi yake ilikuwa kwenye msumari wa kwanza. Mkono wake ulikuwa na ufa alioubandika gundi mwenyewe. Nilimwambia mara ngapi atupe ile glasi. "Bado," alikuwa akisema.

"Naivunja mimi," akasema Bucha.

Bucha ndiye muuza nyama wa mtaa ule. Mikono yake ni mapaja. Alikuwa ameshakunywa mbili, na nyingine aliipata njiani.

"Kwa lipi?" akauliza Mwalimu. Huyu ni mwalimu mstaafu, mwembamba kama chaki yake, miwani imefungwa uzi.

"Nani alimtoa stoo? Si mabega haya?"

"Ulimbeba akiwa ameshakufa, Bucha. Hata punda angembeba."

"Punda nani?"

"Mimi sijataja jina. Aliyeitika ndiye."

Watu wakaangua kicheko. Bucha hakucheka. Mwalimu, kwa kiherehere chake, akaona hiyo ndiyo saa ya kutoa bahasha mfukoni.

"Marehemu aliniachia hii mwaka juzi. Kwa mkono wake. Nasoma: 'Glasi yangu avunje Mama Glasi. Aseme anachotaka, au anyamaze. Kwake sheria hailazimishi.'"

Macho yote yakanigeukia. Nikashika kaunta.

"Lete nione!" Bucha akanyakua karatasi.

"Utaona nini, na wewe ulinikimbia darasa la tatu?"

Ngumi ilitua mdomoni. Niliisikia kabla sijaiona. Mwalimu akarudi kinyumenyume, akaangusha meza, na meno yake ya bandia yakaruka yakatumbukia kwenye ndoo ya deki. Damu ikamchuruzika mpaka kwenye tai. Bucha akamfuata chini, akamkaba shati, ngumi ya pili juu.

Sinia lilikuwa karibu. La bati, lile kubwa. Nikalishika kwa mikono miwili nikampiga nalo Bucha sikioni, likalia kama kengele ya shule.

"Mama Glasi! Umeniziba sikio!"

"Lile lililobaki ndilo lisikilize. Kaa chini!"

Akakaa. Jitu lile, likakaa chini kama mtoto, limeshika sikio. Nikamwokotea Mwalimu meno, nikayasuuza, nikampa. Akayatia mfukoni, akasema midomo imevimba atayavaa kesho.

Halafu nikaitoa glasi msumarini. Nikatembea nayo mpaka kizingitini. Nikasikia matone yakidondoka kwenye karo.

"Neno, Mama Glasi," mtu akasema kwa upole. "Neno lako."

Sasa ngoja nikupe ya nyundo, kwa sababu pale kizingitini ndiyo niliyokuwa nayo kichwani.

Enzi zile friji hatukuwa nayo. Barafu ililetwa kwa mkokoteni saa tano asubuhi, pande zima kama jeneza la mtoto, limefunikwa vumbi la mbao na gunia. Tulilivunja kwenye jiwe, nje ya mlango wa jikoni, kwa nyundo ya mpini mfupi, kichwa chake saizi ya ngumi. Kazi ile ilikuwa yangu.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori. Kwenye baa walimwita Dereva tu, na alikuwa mcheshi, kila mtu alimpenda. Nyumbani alinipiga kwa mkanda, kwa kiatu, siku moja kwa sufuria ya maji moto. Nilikuwa nikivaa mikono mirefu wakati wa joto, na wanawake wenzangu wakiniambia nimependeza.

Siku ile alinifuata kazini. Kisa, shati lake la safari lilikuwa halijakauka.

"Mwanamke unaosha glasi za walevi, shati la mumeo linakushinda?"

"Mvua ilinyesha, baba. Ningelikausha kwa pumzi?"

Kosa langu ni hilo jibu. Alinishika nywele kwa nyuma, akanipigiza uso kwenye barafu. Mara ya kwanza nikaona nyeupe. Mara ya pili nikaona nyekundu. Mara ya tatu jino langu la mbele likabaki limeganda mle ndani ya pande, nalitazama, na mimi bado nimeshikwa nywele.

Nyundo ilikuwa mkononi. Sikuichukua, ilikuwa mkononi tayari, nilikuwa kazini.

Nikaizungusha nyuma bila kutazama. Nikasikia mfupa wa bega. Akaniachia, akaanguka chali kwenye vumbi la mbao.

Hilo la kwanza lilikuwa la kujiokoa. Mungu analijua, na hakimu yeyote mwenye mama angelielewa.

Sasa la pili.

Alikuwa chini. Mkono mmoja haunyanyuki, wa pili ameuinua hivi, kiganja wazi, ananitazama. Hakuwa na nguvu ya kunidhuru hata chembe. Nilipata muda wa kuvuta pumzi mbili. Nilizivuta. Halafu nikaishusha nyundo kwa mikono miwili. Mpini ulikuwa umelowa maji ya barafu. Ikatua gotini.

Mlio ule siwezi kukuandikia.

Mzee Bado alitoka stoo na kreti mikononi. Akaitua taratibu, kama vile ndani kuna mtoto amelala. Akaninyang'anya nyundo, akaifuta kwa aproni yangu, mpini na kichwa, halafu akaishika yeye. Akaikamata kweli, mpaka vidole vikawa vyeupe.

"Wewe nenda kaoshe glasi," akaniambia.

"Mzee, ni mimi nime..."

"Mimi nikifungwa, glasi ataosha mtu. Wewe ukifungwa, mtoto ataoshwa na nani?"

Na wakati huohuo mlango wa nyuma ukafunguka. Mwanangu, miaka saba, anatoka shule, mkoba mgongoni. Akamwona baba yake chini, anapiga kelele kama mnyama. Akamwona Mzungu amesimama juu yake, nyundo mkononi.

Mimi nilikuwa nimeshageuka kuelekea kwenye karo, nimewapa mgongo. Nilitii.

Alifungwa miezi kumi na minne. Hakimu alimuuliza kama ana la kusema kabla ya hukumu. Akajibu, "Bado." Watu wakacheka mle mahakamani. Na mimi, nikiwa nimeketi benchi la pili na kitambaa mdomoni kuficha pengo, nilicheka pia. Kicheko hicho kinaniamsha hadi leo.

Aliporudi, kitu cha kwanza aliitundika glasi yake msumarini. Cha pili, alichukua nyundo ya barafu akaenda kwenye jiwe. Tangu siku hiyo barafu alivunja yeye, miaka na miaka, na hata friji ilipokuja nyundo hakuitoa kwenye sanduku lake. Mimi hakuniruhusu kuigusa tena. Hakuniambia neno. Nami sikumwambia. Tulizungumza sabuni, kreti, mvua, mbwa wake, bei ya vitambaa vya deki. Tulizungumza kila kitu.

Usidhani alikuwa malaika. Akitokea mkorofi, alimbeba na kiti chake akamtua barabarani. Mmoja alimvunja meno kwa kreti ya soda, halafu akampeleka mwenyewe kwa daktari, wanatukanana njia nzima. Mkali alikuwa. Lakini mtu akishaanguka, hakumgusa. Hilo nililiona miaka yote nikiwa na kitambaa na glasi mkononi, na kila nilipoliona nilitazama pembeni.

Haya, turudi kizingitini.

Watu wananingoja. Na mimi, mwanamke mwoga, nilikuwa nimeshajichagulia neno langu. Neno dogo. Nilitaka kusema: Mzee Bado alikuwa akishona vifungo vyake mwenyewe, na uzi aliukata kwa meno. Ni kweli, na hakuna aliyekuwa akilijua. Watu wangecheka, wangefuta machozi, ningevunja glasi, biashara ikaisha. Kwa mwanangu ningekwenda kuomba. Miguu ningemshika.

"Mzee Bado," nikaanza, "alikuwa..."

Nikasikia chuma kikiburuzwa kwenye saruji.

Watu wakapisha. Mwanangu akaja katikati yao, ovaroli la kazi bado mwilini, miwani ya kuchomelea imepandishwa kipajini, nondo mkononi. Urefu wa mkono mzima. Alinipita mlangoni bila kunigusa, akaingia ndani.

"Nilikuambia nini, mama?"

"Mwanangu, weka hicho chuma."

"Nilikuambia nini!"

Akaizungusha. Safu ya kwanza ya glasi ikapasuka yote kwa mpigo mmoja. Glasi za watu walio hai, wamesimama wanazitazama. Vioo vikaruka mpaka dirishani. Mwanamke mmoja akashika shavu, damu ikatoka katikati ya vidole. Mwanangu akarudi na safu ya pili. Ubao wenyewe ukapasuka, misumari ikatoka kama meno.

"Hii ndiyo glasi ya nani? Na hii? Vunjeni basi! Leo si ndiyo siku ya kuvunja?"

Bucha akanyanyuka. Sikio lile nililompiga limevimba kama andazi, lakini alinyanyuka.

"Dogo, hapa ni msibani."

"Na nyumbani kwetu ni msibani tangu nina miaka saba! Toka!"

"Sitoki."

Bucha alibeba benchi. Namaanisha alilibeba, la watu wanne, akalisukuma kifuani mwa mwanangu kama mtu anayefunga mlango. Mwanangu akapigiza kisogo ukutani. Miwani ikapasuka ikamchana paji, jicho moja likafumbwa na damu. Nikadhani yameisha. Lakini ukuta ulimrudisha. Nondo ikaingia chini ya benchi, ikatua mbavuni mwa Bucha, tena, tena, na sauti yake ilikuwa kama mtu anayepiga godoro lililoanikwa. Benchi likaanguka. Bucha akaanguka juu yake, akabiringika, akalala chali.

Mwalimu alijaribu kumshika mwanangu kiuno. Akapewa kiwiko, akaenda zake pembeni.

Bucha akainua mkono mmoja. Hivi. Kiganja wazi.

Mwanangu akaishika nondo kwa mikono miwili. Akaiinua.

Akavuta pumzi. Nikaiona ikiingia.

Akavuta ya pili.

Ndugu msomaji, mimi sikuamua kusema. Ilinitoka.

"Aliyeanguka hapigwi! Usimpige kama mimi nilivyompiga baba yako!"

Nondo ikabaki hewani.

Bucha mwenyewe aligeuza shingo kunitazama, akiwa chini vilevile.

"Umesema nini?" mwanangu akauliza, bila kugeuka.

"Nyundo ilikuwa mkononi mwangu. Si mwake. Alininyang'anya baada ya kazi kwisha. Wewe ulipoingia uliona mwisho, mwanangu. Mwanzo hukuuona."

Akageuka. Uso nusu damu, nusu mtoto wa miaka saba.

"Unamwosha," akasema polepole. "Hata kaburini bado unamwosha. Miaka yote umemwoshea glasi, leo unamwoshea na jina."

"Namwosha kwa maji yake mwenyewe. Uchafu ni wangu."

"Uongo!"

Alikuja mbio. Akanishika gauni kifuani, akanikandamiza kwenye mwimo wa mlango mpaka nikasikia komeo linaniingia mgongoni. Glasi nimeikumbatia tumboni. Harufu ya mwanangu ilikuwa ya moshi wa chuma, ileile anayorudi nayo kila jioni. Nondo ilikuwa juu ya kichwa changu. Sikufumba macho. Nilifikiri, kama ni la haki, na lishuke.

"Sema ni uongo, mama. Sema tu, nakuomba. Sema ni uongo!"

"Mwache mama yako."

Sauti ilitoka nje, nyuma yangu, barazani.

"Si uongo."

Niliijua sauti ile kabla sijageuza shingo. Dereva. Mkongojo kwapani, goti limepinda kwa ndani, nywele zote nyeupe. Anaishi kwa dada yake ng'ambo ya soko. Miaka ishirini na sita hatujasemezana hata salamu. Tukikutana mmoja wetu alivuka barabara, na kwa kuwa yeye hawezi kuvuka haraka, nilivuka mimi.

Mwanangu akaniachia. Akarudi nyuma hatua mbili, akiponda vioo.

"Baba?"

"Nilikuwa chali pale, macho yangu mazima. Ungedhani sikumwona aliyenivunja?"

"Ulijua?"

"Kuliko anavyojua yeye."

"Na hukusema! Polisi walikuja, mahakama ilikaa, hukusema!"

Dereva akacheka kidogo, kile kicheko chake cha zamani, akakohoa.

"Niseme nini, mwanangu? Mimi niliyekuwa nikiwalaza wanaume wawili kwa mpigo, nisimame mbele za watu niseme nimelazwa na mwosha glasi wa kilo hamsini? Mzungu alinipa aibu nafuu. Nikaipokea. Na niliyokuwa nikimfanyia mama yako nayo ingetoka. Tulinyamaza wote watatu, kila mtu na sababu yake."

"Wote watatu," mwanangu akarudia.

"Mzungu alikuja kwangu kila Jumapili, saa nane, na ubao wa drafti kwapani. Hakuniomba radhi, sikumwomba. Alinifunga sana, mshenzi yule. Jumapili iliyopita ndiyo mara yangu ya kwanza kumfunga mara tatu mfululizo. Nikajua anaumwa."

Mwanangu akakaa. Kati ya viti vyote vya baa ile, kile chenye waya mguuni ndicho kilichompokea. Nondo ikamtoka, ikabiringika mpaka kwenye mguu wa Bucha, na Bucha akaisukuma mbali kwa kisigino.

"Nilimtemea mate," mwanangu akasema. Hakuwa anasema na mtu. "Njiani, mchana, mbele za watu. Mara mbili. Akajifuta na leso akaniuliza watoto hawajambo."

Nikataka kumwendea. Mkongojo ukanizuia, umenyooshwa mbele yangu kama kizuizi cha barabara.

"Mimi na wewe hatujamalizana," Dereva akaniambia.

Alikuwa amezeeka, yule mtu aliyenipigiza uso kwenye barafu. Mikono inatetemeka. Lakini macho ni yaleyale.

"Nimekuja kwa swali moja. Nimelibeba miaka yote hii, nikasema siku Mzungu akifa nitaliuliza, maana akiwa hai angelijibu yeye kwa niaba yako. La kwanza, lile la bega, nililistahili. Halijaniuma hata siku moja. La pili ndilo linaloniamsha. Nilikuwa chini, mama. Nilikuinulia mkono."

"Najua."

"Ulivuta pumzi mbili. Nilizihesabu. Sasa niambie. Ulikusudia goti?"

Mwanangu akainua uso kutoka kwenye viganja.

Nikaliona swali lile lote, upana wake na urefu wake. Mwanamke aliyepigwa akampiga mumewe gotini ni mwanamke aliyechoka. Mtoto wake akipoa anaweza kumsamehe. Wajukuu wanaweza kurudi, mdogo akaleta jino la tano. Ningesema "ndiyo." Neno fupi kuliko yote. Aliyekuwa anajua vingine tulimzika juzi, na hata angekuwa hai, asingesema.

"Jibu, mama," mwanangu akasema.

Glasi ilikuwa mkononi mwangu, nzima, na ufa wake wa gundi. Kule pembeni Mwalimu, hana meno, damu kwenye tai, akasema taratibu kama anayemkumbusha mwanafunzi: "Neno la kweli, Mama Glasi. Sheria ni hiyo."

Bahasha ilisema naweza kunyamaza. Nilikuwa nimeshanyamaza vya kutosha.

"Hapana," nikasema. "Goti halikuwa langu. Mpini uliteleza."

"Ulikusudia wapi?"

"Kichwa."

Dereva hakutikisika. Alikuwa kama mtu aliyeusubiri mzigo miaka, sasa umefika, anatafuta pa kuutua.

"Ulitaka nini?" akaniuliza, kwa sauti ndogo mno. "Kunikomesha? Nikuachie? Ulitaka nini kwangu, pale chini?"

Nikamtazama. Halafu nikamtazama mwanangu, kwa sababu jibu lilikuwa lake pia.

"Nilitaka ufe," nikasema.